Kabla Hujaamini Daftari, Tazama Nyuma ya Masikio

Mgeni anapokuja kumwona mzee asiyejiweza, kwa kawaida anakuta shuka limenyooshwa, chumba kinanukia sabuni na mzee amefunikwa kanga safi. Mgeni anatoa shikamoo, anaweka mfuko wa machungwa mezani, anaonyeshwa daftari ambamo wahudumu huweka alama ya kila kazi waliyomfanyia mzee, moyo unatulia. Hayo yote yanaweza kufanywa ndani ya dakika kumi kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na sisi tunaofanya kazi hii tunajua jinsi yanavyofanywa. Yasiyowezekana kwa dakika kumi yako kwingine: nyuma ya masikio, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya kinena, kati ya vidole vya miguu, chini ya kucha na ndani ya kinywa. Uchafu wa wiki nzima unakaa huko kimya, na mzee aliyepooza au aliyepoteza kauli hawezi kukuambia.

Kwa hiyo ukienda, msalimie kwa kumshika mkono, maana salamu ndiyo inayokupa ruhusa ya kuziona kucha bila kumwaibisha. Kama alipata kiharusi na mkono mmoja umejikunja ngumi, huo ndio mkono wa kuutazama. Kiganja kilichofungwa kinatoka jasho usiku na mchana, ngozi inalainika na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyeshinda anafua, kucha zinazama kwenye nyama na harufu inafanana na ya maziwa yaliyochacha. Usivute vidole kwa nguvu. Kunja kwanza kifundo cha mkono taratibu kuelekea ndani, upande wa kiganja. Mishipa inalegea na vidole vinafunguka vyenyewe, angalau nusu. Osha, kausha kabisa, kata kucha, kisha mwekee kitambaa safi kilichoviringishwa unene wa kipini cha jembe dogo. Kitambaa hicho kibadilishwe kila siku. Ukikuta kilekile cha wiki iliyopita, umeshapata jibu la maswali mengine mengi.

Dar es Salaam makazi ya wazee ni machache. La serikali linalojulikana zaidi ni Nunge, kule Kigamboni, na yapo machache ya taasisi za dini na ya watu binafsi. Wazee wengi wasiojiweza wako majumbani, Mbagala, Tandika, Kimara, Tabata, chini ya binti, mkwe au dada wa kazi aliyeajiriwa kupika ambaye siku moja aliambiwa "na bibi utamwangalia". Tunayoyaeleza hapa yanahusu kote. Mwili wa mzee ni uleule, na kinachosahaulika ni kilekile.

Watu wakisikia neno utelekezaji wanafikiria mhudumu mwenye roho mbaya. Wapo, lakini ni wachache kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi chanzo ni hesabu ambayo hakuna aliyeipiga. Kumwogesha kitandani mzee asiyeweza kujigeuza kunamchukua mtu mwenye mkono mwepesi dakika kama 30. Kinywa mara mbili kwa siku, dakika 4 kila mara, ni dakika 8. Kubadilisha pampasi mara 5, dakika 8 kila mara pamoja na kuosha na kukausha, ni dakika 40. Kumgeuza kila baada ya saa 2 ni mara 12 kwa siku, dakika 3 kila mara, ni dakika 36. Jumla dakika 114, karibu saa mbili kwa mzee mmoja, na hapo hujamlisha wala kumpa dawa, na nguo bado ziko kwenye beseni. Wazee 20 wa namna hiyo ni saa 38 za kazi. Nyumba yenye wahudumu wawili mchana na mmoja usiku, zamu za saa 12, ina saa 36 tu, hata kama hakuna anayekaa kunywa chai. Lazima kitu kiachwe, na mhudumu aliyechoka anaacha kile ambacho hakuna atakayekiona. Mpangilio wa kuacha tumeukuta karibu kila mahali: kinaanza kinywa, kinafuata kugeuza usiku, kisha kukausha baada ya kuosha, na mwishoni kabisa pampasi. Ukikuta pampasi imeloa hadi shuka, ujue hayo mengine matatu yalishaachwa siku nyingi.

Hesabu ya pili ni maji. Kuogesha kitandani kunahitaji mabeseni mawili ya lita 4 hivi, na maji yabadilishwe angalau mara moja: lita 12 hadi 15. Kuosha kila anapobadilishwa pampasi, lita 2 mara tano, ni 10. Kufua shuka na nguo zake, 20 hadi 30. Ni wastani wa lita 50, yaani madumu mawili na nusu kwa mzee mmoja kila siku, na wazee 20 wanamaliza tangi la lita 1,000. Jiji linategemea sana Mto Ruvu, na mto ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, mgao unafika kila mtaa. Nyumba isiyo na akiba ya siku tano inaanza kubana, na cha kwanza kubanwa ni maji ya kuoshea. Maeneo mengi wanajazia kwa maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu kwenye maji hayo, mhudumu anaongeza sabuni, utando unabaki kwenye ngozi, mzee anajikuna usiku kucha, halafu anaambiwa ana mzio. Panga mapema: maji ya chumvi ni ya sakafu na ya kuloweka nguo, maji ya bomba yasiyo na chumvi ni ya ngozi na kinywa. Andika kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito, maana zamu ya usiku haitaonja.

Tukae kwenye kinywa, kwa kuwa ndicho kinachoachwa kwanza na ndicho kinachoua kimyakimya. Mzee asiyekula vizuri hatafuni, asiyetafuna mate yake yanapungua, na bila mate ulimi unaota utando mzito wa kahawia kama ukoko. Vijidudu vya ule utando haviishii mdomoni. Mzee mwenye kiharusi au anayelala chali anavivuta kidogo kidogo kwenye mapafu bila hata kukohoa, na baada ya siku chache anapata homa na kubanwa kifua. Familia inasema "nimonia ilimpata ghafla". Utafiti wa Japani uliochapishwa 2002 uliwafuata wakazi wa nyumba 11 za wazee kwa miaka miwili. Kati ya wale ambao wahudumu waliwasafisha vinywa baada ya kila mlo, nimonia iliwapata 11 kati ya kila 100, na kati ya wale walioachwa na utaratibu wa kawaida iliwapata 19. Kazi yenyewe ilikuwa mswaki, na daktari wa meno aliyepita mara moja kwa wiki. Anayelishwa kwa mpira wa puani anahitaji kusafishwa kinywa zaidi ya anayekula, ingawa watu hudhani kinyume kwa kuwa "hali kitu kwa mdomo".

Mwinue kichwa na mgongo kwa mito, angalau nusu ya kukaa. Kama haiwezekani, mlaze ubavu, uso ukikutazama, taulo na kibakuli chini ya shavu. Tumia mswaki laini wa mtoto. Dawa ya meno isizidi punje ya njegere, na kwa asiyeweza kutema usiweke kabisa, maji yanatosha. Chovya mswaki, ukung'ute, ndipo uingize. Hatari iko kwenye maji yanayotiririka kooni. Anza nje ya meno, nenda ndani, malizia ulimi ukivuta kutoka nyuma kuja mbele bila kufika mahali pa kumtapisha. Futa mabaki kwa shashi yenye unyevu. Vidole vyako visikae kati ya meno yake hata kama ni mpole kama malaika, kwa sababu kuuma ni mshtuko wa mwili, haujali upole. Weka mpini wa mswaki wa pili, uliozungushiwa shashi, pembeni kati ya magego. Midomo ipakwe mafuta ya mgando kidogo sana. Ndimu, ambayo watu wa hapa wanaipenda kwa kila jambo, usiitumie: inakausha kinywa zaidi, inakula meno na inaunguza palipochubuka.

Meno ya bandia yatolewe kila usiku. Yaoshwe juu ya beseni lenye maji au taulo, kwa kuwa yakidondoka sakafuni yanapasuka, na kuyapata mengine ni gharama na miezi ya kula uji. Mswaki na sabuni ya kawaida vinatosha. Dawa ya meno inayakwaruza na maji ya moto yanayapinda. Yalale kwenye kikombe cha maji ya kawaida chenye jina la mwenyewe, maana katika nyumba yenye wazee wengi meno hubadilishana wenyewe, na mzee anateseka na meno ya jirani huku anaambiwa ni mkaidi wa kula. Ukikuta utando mweupe unaotoka ukifutwa na kuacha wekundu, hao ni fangasi wa kinywa. Dawa yake ipo, tena si ghali, ila iandikwe na mtaalamu.

Sasa pampasi. Kosa la kwanza hufanyika dukani, kwa kununua kubwa kuliko mwili ukiamini zinabeba zaidi, zinavujia mapajani. La pili ni kuvalisha mbili kwa pamoja ili usiku upite bila kuamka. Ya ndani ina plastiki nyuma, kwa hiyo ya nje haipokei kitu hadi ya ndani ifurike, na katika joto la Februari na Machi umempikia mzee ngozi yake. La tatu ni baya zaidi na ni la siri: kumnyima maji ya kunywa ili mkojo upungue. Utaliona kwenye rangi ya mkojo, wa kahawia kama chai ya rangi, na kwenye ulimi uliokauka. Baadaye zinakuja homa za njia ya mkojo, choo kinakuwa kigumu kama mawe, na mzee aliyekuwa na akili zake anaanza kuita watu waliokwisha kufa. Na hapa kuna mtego: choo kigumu kikiziba, kinachotoka ni majimaji yanayopenya pembeni. Wahudumu wanadhani anaharisha, wanampunguzia chakula na kumpa dawa ya kufunga tumbo. Mzee aliyekaa siku nne bila choo halafu "akaharisha" kidogo kidogo mara nyingi, mpeleke akapimwe kabla ya kumpa chochote.

Ngozi ya kawaida ina tindikali kidogo, na hiyo ndiyo kinga yake. Mkojo ukikaa, vijidudu vinaugeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua, na amonia inaiondoa ile tindikali. Choo kikichanganyika hapo, vimeng'enya vyake vinaanza kuitafuna ngozi. Halafu anakuja mtu na sabuni ya mche na dodoki, kwa nia njema kabisa, anasugua. Sabuni ya mche ni ya nguo. Hata sabuni nyingi za kipande za kuogea ni kali kwa ngozi ya mzee ikiwa anaoshwa mara tano kwa siku. Kwa mkojo peke yake maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni laini, kidogo, iwe ya choo. Osha kwa kitambaa laini, usisugue, kausha kwa kugusagusa na taulo hadi ndani ya mikunjo, subiri dakika moja au mbili ngozi ipumue, ndipo upake kinga. Krimu ya zinki ni nzuri. Mafuta ya mgando yanafaa yakipakwa kama kivuli tu, kwa sababu tabaka nene linaziba pampasi isinyonye. Zinki usiikwangue kila mara, ondoa iliyochafuka na uongeze juu. Poda acha kabisa, inagandamana kwenye kinena ikawa kama unga wa ugali uliomwagiwa maji.

Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, kila pitisho kwa upande safi wa kitambaa. Mwanamume ambaye hakutahiriwa, na wapo hata Pwani, ngozi ya mbele ivutwe nyuma taratibu, paoshwe, pakaushwe, kisha ngozi irudishwe mahali pake. Kusahau kuirudisha kunaleta uvimbe unaokaba, na hiyo ni dharura ya hospitali usiku huohuo. Mwenye mpira wa mkojo aoshwe pale unapoingilia kila siku, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na umwagwe kabla haujafika theluthi mbili.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havina na hapa kwetu ni kubwa. Mzee Muislamu aliyezoea kujitawadha maisha yake yote, ukimfuta kwa karatasi tu, kwake yeye bado ana najisi. Anaacha kuswali, na haulizi. Wahudumu wanaandika "ametulia", kumbe ni huzuni. Kabla ya swala mbadilishe, mwoshe kwa maji ya kumiminwa kutoka kwenye kopo huku beseni la kupokea likiwa chini yake, tumia mkono wa kushoto kama yeye angefanya, kisha msogezee maji ya udhu au umsaidie kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo safi badala ya maji. Ni dakika kumi. Tumeona wazee waliokuwa wakigoma kila kitu wakianza kukubali kuoga, kwa sababu tu uogaji uliunganishwa na swala ya adhuhuri.

Nani anamwogesha nani nalo si jambo dogo. Mkwe wa kike kumwogesha baba mkwe ni mzigo kwa wote wawili. Yeye anafumba macho na kuharakisha, mzee anabana mapaja, na kinena hakioshwi kamwe. Familia inafikiri imepanga, kumbe imepanga uchafu. Mtoto wa kiume ndiye wa kupewa kazi hiyo, au mjukuu, kwa kuwa kati ya babu na mjukuu kuna utani na utani unaondoa aibu. Kwenye makazi, mzee aulizwe anataka nani. Jibu likiwa "yeyote", uliza tena kesho.

Kwenye kuogesha kwenyewe, zima feni kwanza. Watu wanasema Dar ni joto, maji ya bomba yanatosha. Mzee mwembamba anatetemeka hata Desemba, sembuse kipupwe cha Juni na Julai. Maji yawe ya uvuguvugu wa kiwiko, nyuzi 37 hadi 40, na yapimwe kwa kiwiko chako, kwa sababu mgonjwa wa kisukari au aliyepooza hatajua anaungua. Andaa vitu vyote kabla: mabeseni mawili, vitambaa vya rangi mbili, kimoja cha juu na kimoja cha chini ambavyo havibadilishani hata siku moja, taulo mbili, kanga mbili, nguo safi, pampasi, kucha za mhudumu fupi. Anayetoka katikati kufuata taulo anamwacha mzee uchi na mlango wazi. Funika mwili wote kwa kanga, funua kiungo kimoja tu unachoosha, kausha, funika, nenda kingine. Macho kwanza, bila sabuni, kutoka kwenye pua kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Uso, masikio, shingo, kwapa na mikono, kifua na chini ya matiti, tumbo na kitovu, miguu, kati ya vidole. Mgeuze, osha mgongo. Sehemu za siri mwisho, kwa maji mapya na kitambaa cha rangi ya pili. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ila kati ya vidole vya miguu usipake, hapo panatakiwa pakavu. Mwili mzima si lazima kila siku kwa mwenye ngozi kavu inayopasuka. Mara tatu kwa wiki inatosha, mradi uso, kwapa, mikunjo na kinena visikose hata siku moja.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anapogoma, neno "mkorofi" halisaidii. Ameona mtu asiyemjua anamvua nguo. Au anaumwa magoti, na kila anapogeuzwa ni maumivu. Kama ana dawa ya maumivu aliyoandikiwa, apewe nusu saa hadi saa moja kabla. Au mara ya mwisho alimwagiwa kopo la maji kichwani. Anzia miguuni, kichwa mwisho au siku nyingine. Msalimie, mwite kwa jina la heshima alilozoea, Mama Fulani, Mzee Fulani, Bibi, si "mtoto wangu". Mweleze kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Mpe kitambaa mkononi aoshe mwenyewe uso, hata akikosea. Akikataa kabisa, ondoka, rudi baada ya dakika ishirini ukiwa kama mtu mpya. Kumshika watu wanne kunamaliza kazi ya leo na kuharibu ya mwezi mzima, na ngozi ya mzee inachanika kama karatasi yenye maji.

Unapomgeuza ndipo unapokagua. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu ule wa kwenye picha za vitabu. Tafuta palipoiva, yaani peusi kuliko pembeni, au palipo na zambarau, gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe na pembeni: pana joto zaidi, pagumu, au pamelegea kama embe lililoanza kuoza? Hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachojiandaa chini kwa chini. Sehemu zake zinajulikana: juu ya makalio uti unapoishia, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, kisogo. Usipakande hapo, damu imeshaminywa na unaimalizia. Usimkalishe kwenye tairi au duara la sponji, linakaba pembeni mwake. Na zile glavu zilizojazwa maji zinazowekwa chini ya visigino, zinazoonekana kwenye wodi nyingi, hazisaidii. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili kisigino kibaki hewani. Ubavu usiwe wima kabisa, inama kiasi, theluthi moja tu kutoka chali, na mto mgongoni. Aliye kwenye kiti asipitishe saa moja bila kuinuliwa.

Godoro lipime hivi: ingiza mkono chini ya godoro, kiganja juu, pale makalio yalipo. Ukihisi uzito wa mtu na sponji iliyobaki haifiki unene wa kidole gumba, godoro limekufa, hata kama lilinunuliwa mwaka huu. Nailoni iliyotandikwa moja kwa moja chini ya shuka inaokoa godoro na kuunguza mzee. Weka kitambaa kinene cha pamba juu yake.

Mengine kwa ufupi. Kucha za miguu zikatwe kwa kunyoosha kutoka upande hadi upande, pembe zisichimbwe, na za mwenye kisukari zikatwe na anayejua. Wembe ni wa mtu mmoja, kwa kidevu kimoja, kisha unatupwa. Wembe mmoja kwa wazee watano asubuhi ya sikukuu ni njia ya kugawa homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Nywele za kina bibi zisisukwe mabutu ya kisogoni, yanakuwa kokoto za kulalia. Upele wa wadudu ukimwingia mmoja, wote wanatibiwa siku ileile pamoja na wahudumu, dawa ipakwe hadi chini ya kucha, na nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto au zifungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi. Kujikuna kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, kwa hiyo usirudie dawa kila Jumatatu. Shuka lenye choo lisuuzwe, kisha liloweke dakika 10 kwenye jiki: kwa ile iliyoandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Mikono ya mhudumu ioshwe kwa sabuni kati ya mzee na mzee, hata alipovaa glavu.

Turudi kwenye daftari. Ukurasa wenye alama za vema zilizopangwa wima, wino mmoja, mwandiko mmoja, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, umeandikwa mara moja, tena mtu akiwa amekaa. Daftari la kweli ni chafu kidogo. Lina saa zisizolingana, lina "amekataa, nimerudi saa 5", lina "juu ya makalio pameiva, upande wa kulia". Anayeona kasoro azungumze kwanza na kiongozi wa zamu, kwa utulivu, akionyesha mahali kwa kidole. Mhudumu anayefokewa mbele ya wageni atamalizia hasira yake usiku, na usiku wewe haupo. Isiposaidia, kuna uongozi wa nyumba, kisha afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Tarehe na picha ya kidonda, iliyopigwa kwa ridhaa ya mzee, vinasikika kuliko machozi.

Jumapili saa 4 asubuhi kila mzee ni msafi, kwa hiyo nenda Jumanne saa 10 jioni bila kupiga simu. Hesabu pampasi: pakiti ya 10 uliyoleta Jumapili asubuhi, kwa mabadiliko matano kwa siku, ilitakiwa iwe imeisha jana usiku. Ukikuta saba zimebaki, usifurahi kwamba wanabana matumizi. Kisha utafute mswaki wake. Kama haupatikani, au uko kwenye kikombe na nywele zake zimenyooka kama siku ulipoununua miezi mitatu iliyopita, mwinue mzee kichwa, omba maji na shashi, uanze wewe mwenyewe hapo hapo, na umwombe mhudumu akae akushikie tochi.